CT ya kupima mtiririko wa damu kwenye ini lenye sirosisi: tulichopata Chennai kwa hela yetu

Wadau naomba niandike hii kwa urefu kidogo, maana nimeona familia nyingi zenye mgonjwa wa ini zikiambiwa kuna CT ya kisasa inayopima damu inavyotembea ndani ya ini, basi watu wanaanza kuchangishana hata kabla hawajajua hicho kipimo kinajibu swali gani. Sisi tumekifanya. Mgonjwa ni mjomba wangu, ana sirosisi, yaani ini limejaa makovu, iliyotokana na homa ya ini B, na amekulia Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, kwa hiyo kichocho nacho alishaugua sana utotoni. Alishatapika damu, akafungwa mishipa ya koo la chakula kwa endoskopi, ule mpira wenye kamera unaopitishwa mdomoni, hapa hapa nyumbani, baadae tukapata rufaa ya kwenda Chennai, India, aangaliwe kama anafaa kupandikizwa ini. Hospitali siitaji jina kwa sababu kuna vitu nitavilalamikia, na ninachotathmini hapa ni kipimo chenyewe na jinsi kilivyofanyika.

Maksi zangu ni hizi. Picha za CT zenyewe, zile za awamu tatu, yaani zinazopigwa kwa nyakati tatu tofauti baada ya kuchomwa dawa, nazipa 5 kati ya 5. Namba za pafyusheni, yaani hicho kipimo cha mtiririko wanachokuongezea juu yake na kwenye bili kikawa na mstari wake, nazipa 3. Maandalizi na maelezo kwa mgonjwa 2. Tofauti ya hiyo 5 na hiyo 3 ndo kitu ambacho hakuna aliyetueleza kabla hatujalipa.

Kwanza muelewe wanapima nini. Ini la mtu mzima linapitisha kama lita moja na nusu ya damu kila dakika, karibu robo ya damu yote inayosukumwa na moyo, na damu hiyo inaingia kwa njia mbili. Kama robo tatu inakuja kwa mshipa wa pota, ule unaokusanya damu kutoka kwenye utumbo na bandama, na iliyobaki inakuja kwa ateri ikiwa imetoka kwenye moyo na oksijeni yake kamili. Sasa ini likishajaa makovu damu ya pota inakwama, presha inapanda, damu inaanza kujitafutia njia za pembeni, na hizo njia za pembeni ndo zinavimba kwenye koo la chakula siku moja zinapasuka mtu anatapika damu. Wakati huo huo ateri inajifungua zaidi kujaribu kufidia, ila haiwezi kufidia yote. Kwa hiyo ini la sirosisi linapata damu kidogo kuliko ini lenye afya, na sehemu kubwa zaidi ya hiyo kidogo inatoka kwenye ateri.

CT ya kawaida inakuonesha umbo, yaani ini limesinyaa, bandama imevimba, kuna maji tumboni. CT ya pafyusheni wanachofanya wanakuchoma dawa yenye ayodini kwa kasi kwenye mshipa wa mkono halafu mashine inapiga pale pale kwenye ini tena na tena kila baada ya sekunde chache, ni sawa na kumwaga rangi kwenye mfereji ukasimama na saa kuangalia imefika lini, imefika nyingi kiasi gani na imechukua muda gani kuisha. Kompyuta inalinganisha rangi ilivyopanda kwenye mshipa mkubwa wa moyo, kwenye pota na kwenye nyama ya ini, halafu inakutolea vitu vitatu: mililita ngapi za damu zinapita kwa dakika kwenye kila mililita 100 za ini, asilimia ngapi inatoka kwenye ateri, na damu inakaa sekunde ngapi ndani ya ini kabla ya kutoka.

Na hii sio kitu cha kubuni cha kuvutia wateja, sayansi yake ipo na ina umri. Wazo la kupima mtiririko kwa CT limeandikwa tangu miaka ya 90 mwanzoni. Kuna watafiti wa Ubelgiji walihakiki hesabu yake kwa sungura kwanza, halafu mwaka 2001 wakachapisha matokeo ya wagonjwa: watu wasio na ugonjwa wa ini walikuwa na mtiririko wa wastani wa kama 108, wenye sirosisi 67. Mgao wa ateri 17 kwa mia kwa wazima, 41 kwa mia kwa wenye sirosisi. Muda wa damu kukaa ndani ya ini sekunde 16 kwa wazima na 51 kwa wagonjwa. Na kadiri ugonjwa ulivyokuwa mkali ndivyo namba zilivyoharibika. Kwa hiyo daktari akikwambia CT inaweza kuona ini limekaukiwa damu, hadanganyi.

Shida ni kwamba wastani wa kundi la watu ni kitu kimoja na mjomba wako peke yake kitandani ni kitu kingine. Katika utafiti huo huo namba za mtu na mtu zilitawanyika sana, wengine wenye sirosisi wanaangukia kwenye eneo la wazima na wazima wengine wanashuka. Na mashine za kampuni tofauti zenye hesabu tofauti zinakupa namba tofauti kwa ini lile lile. Mtu akikupa namba moja akakwambia hii ndo hali ya ini lako muulize ameilinganisha na nini.

Sasa nije kwenye huduma yenyewe, hapa ndo nilipochukia.

Kabla ya CT ya kontrasti, yaani ile dawa yenye ayodini, lazima wapime kriatinini kuangalia figo, hilo walifanya vizuri. Ila muwe macho, mgonjwa wa sirosisi aliyekonda misuli kriatinini yake inaweza kuonekana nzuri kumbe figo zimechoka, kwa sababu kriatinini inatengenezwa na misuli na misuli yenyewe imeisha. Mjomba alikuwa na maji tumboni na anatumia vidonge vya kukojoa, spironolaktoni na furosemaidi, watu wa aina hii figo zao ni za kubembelezwa. Daktari wa ini aliliona hilo mwenyewe akaagiza baadhi ya dozi zisogezwe na anywe maji ya kutosha kwa kadiri alivyoruhusiwa. Mwenye kisukari anayetumia metformini aseme mapema, kuna wanaoambiwa waisimamishe kutegemea na figo zao.

Kuhusu chakula walituambia asile kitu tangu usiku, basi, hakuna aliyetoa sababu. Sababu ipo tena ni ya maana: ukila, damu ya pota inaongezeka sana kwa sababu utumbo unafanya kazi, kwa hiyo ukipimwa umeshiba namba zako zinakuwa za mtu mwingine kabisa. Ila mgonjwa wa sirosisi kukaa na njaa muda mrefu ni hatari kwake, mwili unaanza kula misuli haraka kuliko kwa mtu mzima wa afya. Saa chache zinatosha. Sisi tulikaa na njaa mpaka mchana kwa sababu foleni ilisogezwa na hakuna aliyekuja kusema mzee umepangwa saa ngapi tukupe hata uji kwanza tukuhamishie jioni. Mgonjwa wa ini, mnyonge, amekaa kwenye kiti cha magurudumu koridoni kiyoyozi kinampuliza. Hilo lilinikera na bado linanikera.

Kingine, hakuna aliyeuliza kama anatumia propranololi au kavedilolo mpaka nilipouliza mimi. Hizo dawa za kuzuia mishipa isipasuke kazi yake hasa ni kupunguza damu inayoingia kwenye pota, yaani zinagusa kile kile kinachopimwa. SIO kwamba uziache, narudia usiache mwenyewe maana mtu anaweza kutapika damu kwa kuacha, ni kwamba lazima iandikwe kwenye fomu kuwa kapimwa akiwa kwenye dawa, ili siku akirudiwa kipimo wasije wakadhani ini limebadilika kumbe ni dozi imebadilika.

Halafu pumzi. Hapa ndo pafyusheni inapofeli kwa wagonjwa wetu. Ini limekaa chini kidogo tu ya mapafu, ukivuta hewa linashuka, ukitoa linapanda, na mashine inataka kupiga sehemu ile ile kwa dakika nzima na pengine zaidi. Mtu mwenye tumbo limejaa maji hawezi kubana pumzi dakika nzima, hata sekunde 20 ni kazi. Wanachotakiwa kumwambia ni apumue taratibu kwa juu juu, kisha kompyuta isawazishe picha. Sasa ile sauti ya mashine inatoa amri kwa Kiingereza, mjomba Kiingereza chake ni cha salamu, mkalimani wa Kiswahili hospitali inaye na ni kijana mzuri kweli lakini wakati huo alikuwa wodi nyingine. Nilimuomba mtaalamu anipe dakika mbili nikae na mjomba, nikamfundisha: mjomba ukisikia neno hili vuta na ushikilie, ukisikia hili achia, na ile ya mwisho ndefu pumua kidogo kidogo tumbo lisipande. Akaniambia "mwanangu ungenifundisha jana ningelala nafanya mazoezi." Alikuwa sahihi kabisa. Kama una mgonjwa anaenda kufanya hiki kipimo mfundishe nyumbani kwa Kiswahili siku moja kabla, hakuna kitu kitakachosaidia namba zake zaidi ya hicho.

Kanula, ule mrija mdogo wa kuingizia dawa kwenye mshipa, wakaweka ile ya kijani, kubwa kuliko ya pinki, kwenye kiwiko, kwa sababu dawa inaingia kwa kasi kubwa. Mwambieni mgonjwa mapema kwamba dawa ikiingia mwili mzima unapata joto, mdomoni ladha ya chuma, na atahisi kama amejikojolea wakati hajajikojolea. Wazee wanaona aibu hapo wanajikunja na kujikunja ndo kuharibu picha. Mzio wa dawa ya kontrasti upo, ni wa wachache, ila aliyewahi kuvimba au kubanwa kifua baada ya kontrasti aseme wazi wazi.

Majibu sasa. Kwanza zilifanyika picha za awamu tatu, ya ateri kwenye kama sekunde 35 baada ya kuchoma dawa, ya pota kwenye kama sekunde 70, na ya mwisho baada ya dakika kadhaa. Altrasaundi ya nyumbani ilikuwa imeona kivimbe kidogo kwenye ini na ndo kilichotunyima usingizi, kwa sababu saratani ya ini inajilisha zaidi kwa ateri, kwenye awamu ya kwanza inawaka kuliko ini linaloizunguka halafu kwenye awamu za baadae inafifia kuliko ini. Cha mjomba hakikufanya hivyo, kiliwaka kidogo tu na hakikufifia. Wakakipa daraja la 3 kati ya 5, maana yake hakijulikani bado, hakina sura kamili ya saratani lakini saratani haijaondolewa, kirudiwe baada ya miezi michache. Swali letu kubwa kuliko yote likajibiwa na CT ya awamu tatu ambayo hata kwetu inafanyika kwenye hospitali kubwa, pafyusheni haikuhusika hapo. Ndo maana ya zile maksi 5.

La pili lilinishangaza zaidi. Mjomba alikuwa na tabia ya kupotea kidogo kichwani, analala mchana kutwa, usiku yuko macho, mara anasahau jina la mtoto wake, mikono inatetemeka. Tulijua ni sumu inapanda kichwani sababu ya ini, yuko kwenye laktulosi, dawa ya kumpeleka choo ili sumu itoke, lakini madaktari walikuwa wanajiuliza mbona vipimo vyake vya damu sio vibaya kiasi hicho na bado anachanganyikiwa mara kwa mara. Kwenye awamu ya pota ukaonekana mshipa mnene, umejipinda pinda, unatoka upande wa bandama unaenda kumwaga damu kwenye mshipa wa figo ya kushoto. Yaani damu kutoka tumboni, iliyotakiwa ipite kwenye ini isafishwe, ilikuwa imejitengenezea barabara yake inaruka ini kabisa inarudi kwenye moyo halafu inapanda kichwani na uchafu wake. Radiolojisti, daktari wa kusoma picha, alituonesha kwenye skrini, akafuata ule mshipa kwa kidole kutoka mwanzo mpaka mwisho, na mimi nasema kwa moyo wote yule mama ni mwalimu, alikaa na sisi muda mrefu kuliko alivyolazimika.

Hapo sasa ndo pafyusheni ikapata kazi ya maana. Namba zilionesha mtiririko mdogo kwenye ini zima na mgao wa ateri uko juu, karibu na ile 40 kwa mia. Yaani sio tu kwamba ini lina makovu, limenyang'anywa damu na ile njia ya pembeni. Maelezo ya picha na maelezo ya namba yakakubaliana. Kwa daktari wa ini hiyo ilimsaidia kupanga, maana kuna utaratibu wa kuingiza waya kupitia mishipa na kuiziba ile njia, ini linarudishiwa damu yake na kichwa kinatulia. Ila ukiiziba presha ya pota inapanda, mishipa ya koo inaweza kuvimba tena na maji ya tumbo kuongezeka. Kwa mtu aliyeshatapika damu hiyo sio ya kukurupukia. Wakaamua waanze na laktulosi kwa dozi iliyorekebishwa pamoja na rifaksimini, antibayotiki inayofanya kazi kwenye utumbo, kuziba iwe akiba. Tangu hapo mjomba anaongea vizuri, anafuatilia taarifa ya habari, anagomba na watu kuhusu Simba na Yanga.

Kwa hiyo 3 niliyoitoa sio dharau. Nimeitoa kwa sababu kila kitu kilichobadilisha matibabu kilionekana kwenye picha, namba zikaja kuthibitisha. Na kuna jambo kubwa ambalo pafyusheni haijibu kabisa, nalo ni presha. Mtiririko na presha ni vitu viwili. Presha ya pota inapimwa kwa kuingiza mrija kupitia mshipa wa shingo mpaka kwenye mshipa wa ini, wanasoma tofauti kwa milimita za zebaki, kawaida ni 1 mpaka 5, ikifika 10 hatari imeanza, ikifika 12 mishipa inaweza kupasuka. CT haikupi hiyo. Vilevile haikwambii kwa uhakika mishipa ya koo iko hali gani, hiyo ni kazi ya endoskopi. Niliona familia moja kwenye nyumba ya wageni wanataka kuikwepa endoskopi kwa sababu mgonjwa anaogopa mpira kooni, wanasema si tumeshafanya CT ya damu. Hapana jamani. Njia ya kuikwepa endoskopi inayokubalika ni Fibroskani, kipimo cha ugumu wa ini, kusoma chini ya kilopaskali 20 pamoja na chembe sahani za damu zaidi ya 150,000 kwa kila mikrolita, kwa mgonjwa ambaye ini lake bado linajimudu. Aliyeshatapika damu au ana maji tumboni hayumo humo.

Kwa watu wa kanda ya ziwa nina la ziada. Kichocho cha tumbo kinaweka makovu kuzunguka matawi ya pota, kabla damu haijafika ndani ya nyama ya ini, kwa hiyo unakuta mtu ana bandama kubwa na anatapika damu wakati ini lenyewe linafanya kazi karibu kama kawaida, na hata ule mrija wa shingoni unaweza kusoma presha ndogo kuliko ilivyo. Mwambieni daktari wa nje kwamba mgonjwa amekulia ziwani. Wengi wao wamezoea sirosisi za pombe na mafuta, hiyo historia hawawezi kuibuni.

Na kabla hamjafikiria pafyusheni anzeni na Dopla ya ini hapa nyumbani. Ni altrasaundi, haina mionzi, haina kontrasti, bei yake haifanani hata kidogo. Inakuonesha damu ya pota inaelekea kwenye ini au imegeuka inarudi nyuma, na kasi yake, ikishuka chini ya sentimita 16 kwa sekunde ni ishara ya presha kupanda. Udhaifu wake ni mkono wa anayepima, na gesi tumboni. Ila inarudiwa mara nyingi bila wasiwasi, wakati CT moja ya tumbo ya kawaida ni kama miliseveti 8 mpaka 10, sawa na mionzi ya asili ya miaka mitatu hivi, na pafyusheni inaongezea juu ya hapo kwa sababu inapiga mara nyingi. Kwa mzee mwenye sirosisi anayeamuliwa kuhusu upandikizaji sioni tatizo, faida ni kubwa. Kwa kijana mwenye homa ya ini B ambaye ini bado liko sawa anayetaka tu kujiangalia, mi nisingekubali.

Nani basi alipie? Mgonjwa anayepangiwa kuzibwa au kufunguliwa njia ya damu kwenye ini, anayetibiwa uvimbe kwa kuziba ateri na wanataka kujua kama umekufa, au mwenye hali kama ya mjomba ambapo dalili na vipimo vya damu havikubaliani. Na daktari aweze kukwambia kwa sentensi moja nini kitabadilika namba zikitoka juu au chini. Akishindwa, fanyeni awamu tatu peke yake mrudi na chenji.

Ripoti yetu ya kwanza ilikuja na ramani za rangi nyekundu na bluu bila mstari hata mmoja wa maelezo, nikairudisha. Daini iandikwe ni mashine gani, ni hesabu gani ya kompyuta wametumia, mgonjwa alikula saa ngapi, alikuwa kwenye dawa gani, alipumua vipi. Diski nayo ombeni yenye picha zote kwenye mfumo wa dicom, ule wa picha za hospitali unaofunguka kwenye kompyuta za madaktari, sio zile picha kumi walizochagua wao. Yetu ilifunguka bila shida Mwanza, na daktari wetu ameshapima ukubwa wa kile kivimbe kutoka kwenye diski hiyo ili CT ijayo, ambayo itafanyika hapa hapa kwa awamu tatu bila pafyusheni, ilinganishwe nayo.